Jana Utabiri Ulikosea kwa Kiasi Gani?

Msikilizaji wangu, uwe Makongeni unafunga kibanda, uwe ndani ya matatu iliyokwama Ruiru karibu na Bypass, uwe nyumbani unachambua maharagwe, nipe sikio lako kidogo. Kila jioni, taarifa ya habari ikiisha, unasomewa utabiri wa hali ya hewa. Unaambiwa asubuhi kutakuwa na mawingu, alasiri mvua na radi sehemu kadhaa za nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa, halafu muziki unaingia. Kesho yake unasomewa mwingine. Ule wa jana umeshapita, hakuna anayeuliza uliishia wapi. Mimi leo nataka kuuliza. Jana utabiri ulikosea kwa kiasi gani? Na wiki nzima iliyopita je? Na msimu mzima?

Siulizi kwa uchokozi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao yake Dagoretti Corner kwenye barabara ya Ngong, hutoa utabiri wa siku, wa wiki, wa mwezi na wa msimu, na katika taarifa zake za msimu huandika pia jinsi msimu uliopita ulivyokwenda. Wataalamu wanapima. Lakini kipimo hicho hakifiki redioni, hakifiki soko la Madaraka pale Thika, wala hakimfikii mkulima wa kahawa nje ya Ruiru anayetaka kujua kama anyunyize dawa leo au asubiri. Huyo hufikiwa na utabiri peke yake. Ndiyo maana imani yake kwa watabiri imejengwa juu ya siku mbili tatu anazozikumbuka: ile waliyosema mvua ikakosa, na ile waliyosema jua mvua ikabomoa ukuta wa choo. Siku nyingine zote, nzuri na mbaya, zimesahaulika. Kumbukumbu ya mtu haiwezi kufanya kazi ya daftari.

Basi twende kwenye hesabu. Ukiwa na kalamu ishike, ukiwa huna usijali, nambari ni chache.

Tuseme tuna watabiri wawili wanaotabiri mvua ya Thika kwa siku 5, Jumatatu hadi Ijumaa, katikati ya masika. Nambari hizi ni za mfano, nimezitunga ili zihesabike kwa urahisi. Mvua tunaipima kwa milimita. Milimita 1 ni lita 1 ya maji juu ya kila mita mraba ya ardhi, kwa hiyo milimita 40 juu ya paa la mabati la mita mraba 50 ni lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20. Shika picha hiyo kichwani, maana milimita husikika ndogo mpaka uzigeuze mitungi.

Mtabiri wa kwanza kila siku anakosea kidogo. Siku zote 5 utabiri wake uko mbali na ukweli kwa milimita 8. Mtabiri wa pili ni hodari ajabu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Ijumaa amepatia bila kukosea hata milimita moja. Alhamisi peke yake amekosea, na amekosea kwa milimita 40. Sasa jumlisha makosa ya kila mmoja. Wa kwanza, 8 mara 5 ni 40. Wa pili, 40 mara moja ni 40. Gawanya kwa siku 5, wote wawili wana wastani wa kosa wa milimita 8. Kwa hesabu hii ni sawa, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Lakini wewe unayekaa bondeni unajua kwamba hawako sawa. Kosa la milimita 8 linakunyeshea nguo kwenye kamba. Kosa la milimita 40 linaingia ndani ya nyumba na kuinua godoro.

Hapo ndipo kinapoingia kipimo cha leo, ambacho wataalamu hukiita kwa herufi nne, RMSE. Kwa Kiswahili cha darasani ni kipeuo cha pili cha wastani wa makosa ya mraba. Jina ni refu, kazi yake ni fupi. Chukua kosa la kila siku, lizidishe kwa lenyewe. Tafuta wastani wa majibu hayo. Mwishoni tafuta kipeuo cha pili, ili jibu lirudi kuwa milimita za kawaida. Mtabiri wa kwanza: 8 mara 8 ni 64, siku zote 5 ni 64, wastani ni 64, kipeuo chake ni 8. Amebaki palepale. Mtabiri wa pili: siku 4 ni sifuri, siku moja ni 40 mara 40, yaani 1,600. Gawanya 1,600 kwa 5 unapata 320, na kipeuo cha pili cha 320 ni karibu 18. Yule hodari wa siku nne amepanda kutoka 8 hadi 18 kwa sababu ya Alhamisi moja.

Kuzidisha kosa kwa lenyewe kunafanya mambo mawili. La kwanza, kunaondoa alama ya kutoa. Ukikosea leo kwa milimita 10 juu na kesho kwa milimita 10 chini, ukijumlisha hivyo hivyo unapata sifuri, na utajisifu kwamba hujakosea kamwe. Mraba haukubali hila hiyo. La pili ndilo lenye uzito: kosa likiongezeka mara 2, adhabu yake inaongezeka mara 4, likiongezeka mara 5, adhabu mara 25. Kipimo hiki kinachukia kosa kubwa kuliko makosa mengi madogo. Na makosa makubwa ndiyo yanayozika watu.

Mizizi ya hesabu hii ni ya zamani na inatoka angani. Tarehe 1 Januari 1801, Giuseppe Piazzi akiwa Palermo kisiwani Sicily aliona nuru ndogo inayotembea kati ya nyota, akaifuata kwa majuma kadhaa kabla haijapotelea kwenye mwanga wa jua. Hiyo ndiyo Ceres. Hakuna aliyejua itatokezea wapi. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alipiga hesabu kutokana na vipimo vichache vya Piazzi, na kabla ya mwaka kwisha ikaonekana karibu na alipoelekeza. Adrien-Marie Legendre ndiye aliyetangulia kuchapisha njia hiyo ya kupunguza jumla ya makosa ya mraba, mwaka 1805. Gauss akaeleza yake mwaka 1809, wakagombania nani wa kwanza. Mabishano yao tuwaachie wenyewe. Sisi tumerithi kipimo.

Na kipimo hiki kiko Nairobi tayari, si cha waangalia nyota tu. Mwaka 2019 kampuni ya usafirishaji ya Sendy iliweka data yake kwenye jukwaa la Zindi, mahali ambapo vijana wa Afrika hushindana kwa hesabu za kompyuta. Swali lilikuwa: mwenye pikipiki akichukua mzigo hapa Nairobi, atatumia sekunde ngapi kufika anakokwenda? Washindani wakapangwa kwa RMSE. Aliyekosea sana safari chache aliumia kuliko aliyekosea kidogo safari nyingi, na ni haki, kwa sababu mteja anayesubiri dakika 10 za ziada hutabasamu, anayesubiri saa nzima hakuiti tena. Kama tunaweza kumpima mwendesha pikipiki namna hiyo, sioni kwa nini tusiipime mvua hewani.

Turudi nyumbani. Nenda Mwihoko au Kimbo, sehemu za chini za Ruiru, kwenye udongo mweusi unaonata na usiokunywa maji haraka. Nyumba zimejengwa zimebanana, mitaro ni michache, na mingi ya ile iliyopo imejaa takataka. Mama mwenye chumba kimoja cha kupanga, friji ndogo chini, unga chini, vitabu vya watoto chini, haulizi kama mvua itakuwa milimita 6 au 12. Kwake hizo ni sawa. Anauliza kama usiku huu ni ule wa 50, ainue vitu juu ya meza na watoto walale kwa shangazi yao. Huyo ndiye mtu ambaye RMSE, kwa kuchukia kosa kubwa, inamkumbuka.

Mkulima wa kahawa naye ana mahitaji mengine. Ruiru ni nyumbani kwa utafiti wa kahawa wa nchi hii. Ndiyo maana aina iliyotolewa mwaka 1985 ili kushinda ugonjwa wa CBD, ule unaoozesha buni ingali changa, ikaitwa Ruiru 11. Lakini mashamba mengi bado yana miti ya SL28 na SL34, inayosifika kwa ladha na inayougua haraka. Ugonjwa huo hupenda baridi na unyevu, mbegu zake husambazwa na matone ya mvua. Dawa yake ya shaba inanyunyizwa na pampu ya mgongoni, mti baada ya mti, na inataka muda ikauke juu ya majani. Ikinyesha mvua nzito saa chache baadaye, dawa inaoshwa, pesa inatiririka kwenye mfereji, na kibarua aliyelipwa leo atalipwa tena wiki ijayo. Mkulima huyo hajali sana kama ni milimita 50 au 70. Anataka kujua: leo mchana, iko au haiko? Kosa la milimita 8, ambalo mama wa Mwihoko halioni, kwake linaweza kuwa hasara ya siku nzima.

Kwa hiyo ukinipa nambari moja ukaniambia hii ndiyo sifa ya utabiri wa Kiambu nzima, nitakuuliza sifa mbele ya nani.

Sasa nataka nikae hapa kwa muda, kwa sababu kuna mtego ndani ya kipimo hiki ambao wataalamu wanaujua vizuri na sisi wananchi hatuambiwi. Sikiliza. Mtabiri jasiri anasema: Alhamisi mvua kubwa, milimita 40, Ijumaa kavu. Wingu likachelewa. Alhamisi ikawa kavu, Ijumaa zikanyesha milimita 40 kamili. Mhesabie. Alhamisi alisema 40 ikawa sifuri, kosa ni 40. Ijumaa alisema sifuri ikawa 40, kosa ni 40 tena. RMSE yake ni 40. Ameadhibiwa mara mbili kwa wingu moja.

Mwenzake hakuiona mvua kabisa. Alisema siku zote mbili kavu. Alhamisi amepatia, kosa sifuri. Ijumaa kosa 40. Wastani wa sifuri na 1,600 ni 800, kipeuo chake ni karibu 28. Yule ambaye hakuona kitu amemshinda aliyeona dhoruba ikija!

Na wa tatu, ambaye hataki lawama, alisema milimita 20 Alhamisi na milimita 20 Ijumaa. Alikosea kwa 20 siku zote mbili. RMSE yake ni 20, ndiye mshindi wa wote. Lakini alichotabiri hakikutokea siku yoyote. Hakuna aliyeinua godoro kwa sababu yake, hakuna aliyeahirisha kunyunyiza.

Niambie, ungekuwa Mwihoko ungetaka kusikiliza yupi? Mimi ningemtaka wa kwanza, hata akikosea siku moja, kwa sababu angenifanya niwe macho tangu Alhamisi. Na hapa kwetu tatizo hili ni kubwa kuliko Ulaya, kwa kuwa mvua yetu nyingi hutoka kwenye mawingu ya radi yanayofumuka alasiri juu ya mahali padogo. Wingu linaweza kupasuka Juja na Ruiru pakabaki vumbi. Ongeza na hili: siku ya mvua kwa wapimaji huanza saa tatu asubuhi na kuisha saa tatu asubuhi inayofuata, wakati kipima mvua kinaposomwa. Mvua ikianza saa mbili asubuhi, sehemu yake inaandikwa upande mmoja na sehemu yake upande wa pili. Mtabiri aliyesema sawasawa anaweza kuonekana amekosea siku mbili kwa sababu ya kamstari ka saa.

Ubaya ni kwamba programu za kompyuta zinazofunzwa kupunguza RMSE, zikiwemo hizi mpya za akili unde, hujifunza haraka njia ya yule wa tatu. Zinalainisha. Dhoruba kali inageuzwa kuwa mvua ya wastani iliyotandazwa juu ya eneo kubwa na siku nyingi, na alama zinapanda. Kipimo kinachoogopa kosa kubwa kinamfundisha mtabiri kuogopa kutamka jambo kubwa. Ndiyo sababu nasema RMSE isomwe, lakini isikae peke yake mezani. Kando yake pawe na hesabu nyingine nyepesi: siku zote ambazo mvua ilizidi milimita 30, ngapi zilitangazwa kabla? Na zile zilizotangazwa, ngapi zilitokea kweli? Hizo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuzihesabu.

Uoga wa kutamka jambo kubwa tumeuona nchini mwetu si zamani. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa ilitoa utabiri wa mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ikaonya juu ya El Niño. Maandalizi yakaanza. Katikati ya Oktoba Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba wataalamu sasa wanasema haitakuwa El Niño ya kuharibu, ni mvua iliyozidi kawaida tu. Watu wakapumua. Novemba mvua ikaja kwa nguvu zake zote, na kabla ya mwaka kwisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini. Siku zile mjadala wote ulikuwa juu ya jina: ni El Niño au si El Niño? Mtu wa bondeni jina halimsaidii. Kinachomsaidia ni kiasi, na ni kujua kiasi hicho huwa kinakosewa kwa ngapi.

Mwaka uliofuata masika yakafanya makubwa zaidi. Aprili na Mei 2024 zaidi ya watu 200 walikufa kwa mafuriko nchini, wakiwemo wale wa Mai Mahiu alfajiri ya tarehe 29 Aprili. Siku hiyohiyo ndiyo shule zilipangiwa kufunguliwa. Zikaahirishwa, zikaahirishwa tena, wanafunzi wakarudi tarehe 13 Mei. Wazazi wa Thika na Ruiru waliokuwa wamekwisha kununua sare na masanduku wanayakumbuka majuma yale.

Hapa lazima nimtendee mtabiri haki. Mvua za vuli na mvua za masika si mtihani mmoja. Vuli inafuata joto la bahari: Pasifiki ikipata El Niño, au upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, dalili huonekana miezi kadhaa kabla. Masika hayana kamba imara kama hiyo ya kuyavuta. Kwa watabiri wa dunia nzima, si wa Kenya peke yake, utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei katika Afrika Mashariki ni mgumu kuliko ule wa Oktoba hadi Desemba. Ukimpa mtabiri alama moja kwa mwaka mzima umechanganya mitihani miwili. Misimu ipimwe mbalimbali.

Na kosa lolote lazima lipewe kipimo cha kulinganisha. Thika hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Lodwar hupata kama 200. Mtabiri wa Lodwar akiwa na RMSE ndogo kuliko wa Thika si kwamba yeye ni hodari. Huko siku nyingi hakuna mvua ya kukosea. Milimita za kosa za mahali pamoja haziwezi kuwekwa kando ya milimita za mahali pengine kama alama za mtihani wa kitaifa. Swali la haki ni hili: je, mtabiri ameshinda mtu asiyejua lolote ila historia? Mtu huyo tumweke kando, tumpe daftari la miaka 30, na kila tarehe atamke wastani wa tarehe hiyo. Tarehe 20 Aprili, wastani ni huu. Tarehe 21, ni huu. Hana setilaiti, hana kompyuta. Kama RMSE ya utabiri ni milimita 9 na yake ni 12, basi utabiri una kitu unachotupatia. Kama ni 12 kwa 12, pesa ya umma imenunua daftari. Kituo cha Ulaya cha utabiri, kile chenye makao Reading, Uingereza, kimepima kazi yake kwa namna hii miaka mingi, na kwa kupima kikaweza kuonyesha kwamba kila muongo utabiri wa dunia umepata siku moja zaidi: wa siku 5 ukawa mzuri kama wa siku 4 ulivyokuwa miaka 10 nyuma. Katika tropiki faida hiyo imekuja polepole zaidi, lakini hatuwezi kujua kwetu imekuja kiasi gani mpaka nambari zetu zitamkwe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo RMSE inalificha, nalo ni upande wa kosa. Mraba ukishafuta alama ya kutoa, hujui tena kama mtabiri husema kidogo kuliko ukweli au husema zaidi. Mmoja kila siku anapungukiwa kwa milimita 10. Mwingine leo anazidi kwa 10, kesho anapungua kwa 10. Wote RMSE yao ni 10. Lakini wa kwanza tiba yake ni nyepesi, mwongezee 10 kila siku atapatia. Wa pili hana dawa ya haraka.

Ruiru wanajua gharama ya kosa la upande mmoja, si la mvua tu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Katika miaka 10 iliyofuata Kenya nzima iliongezeka kwa kama asilimia 23. Mpangaji ambaye angekadiria kwamba Ruiru itakua kama nchi, angetarajia mwaka 2019 watu chini ya 300,000. Sensa ya 2019 ikahesabu 490,120. Barabara kuu ya Thika ilikuwa imefunguliwa mwaka 2012, nyumba za kupanga zikaota kila mahali kuanzia Kihunguro hadi Membley. Kosa hilo ni la zaidi ya watu 190,000, na lote liko upande mmoja: chini. Halifutwi na mtaa mwingine uliokadiriwa juu. Ni madarasa ambayo hayakujengwa, ni mabomba membamba, ni mitaro ambayo haikuchimbwa, na sasa mvua inayokosewa inaanguka juu ya watu waliokosewa. Kwa hiyo pamoja na RMSE, nipewe pia wastani wa kawaida wa makosa, ule wenye alama, nijue tunaegemea wapi.

Ndakaini nako ni vivyo hivyo. Bwawa lile la Gatanga, lililokamilika mwaka 1994 na linaloweza kubeba mita za ujazo milioni 70, ndilo linaloinywesha sehemu kubwa ya Nairobi, na maji yake ni ya mto Thika na vijito jirani. Anayelisimamia ana hofu mbili zinazopingana. Akitabiriwa mvua nyingi isije, mji unapewa maji kwa zamu kama mwaka 2017. Akitabiriwa kidogo ikaja nyingi, bwawa linafurika na walio chini wanashtuka. Kosa la milimita 100 juu na kosa la milimita 100 chini, kwa RMSE ni kitu kimoja. Kwake si kitu kimoja hata kidogo.

Basi ninachokiomba ni hiki. Masika yajayo, kila Jumapili jioni, kituo chochote kinachosikika Thika na Ruiru kisome mambo manne, hayachukui dakika mbili. Wiki hii ilitabiriwa nini kwa eneo letu. Kilinyesha nini. RMSE ya siku 30 zilizopita ni ngapi, na ya yule mtu wa daftari ni ngapi. Na siku za mvua kubwa, ngapi zilitangazwa kabla. Idara inazo takwimu za kituo cha Thika. Tunachohitaji ni makubaliano ya kuzipata kila wiki na mtu wa kuzikokotoa, kazi ambayo mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu pale Juja anaweza kuimaliza kabla chai haijapoa.

Kwa Ruiru kuna tatizo la ziada, kwamba kipima mvua cha Thika hakiwezi kuisemea Mwihoko. Nimekwisha kusema wingu linaweza kupasuka Juja likaacha pengine. Ukipima utabiri wa Ruiru kwa mvua ya Thika, sehemu ya kosa unalolihesabu si la mtabiri, ni la umbali. Mradi wa TAHMO umekwisha kuweka vituo vidogo vya hali ya hewa katika shule mbalimbali za Kenya, na walimu wa sayansi wanavitumia darasani. Hata bila mtambo, kipima mvua cha kawaida cha mkono kinatosha kuanzia.

Kwa hiyo mwalimu unayenisikiliza, wa Ruiru, Kimbo, Mwihoko, Juja, Kiandutu au Ngoingwa, kama shule yako ina kipima mvua, tuandikie. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na miti, mdomo wake ukiwa umelala sawasawa. Kisomwe saa tatu asubuhi kila siku, Jumamosi na Jumapili pia, na siku ambayo haikunyesha iandikwe sifuri, isiachwe wazi.